Maziwa ya Wifi Yangu

Nianze na jambo moja ili nisiulizwe tena: sijawahi kuruka dawa. Si siku ya msiba, si siku ya mvua, si siku ile tulipokimbia risasi za Nyabiondo na sufuria kichwani. Nilimeza kidonge changu kila jioni, na maji yakikosekana nilikimeza na mate. Watu wa Masisi wanajua kusema, wacha waseme. Mimi ni binti wa wachuuzi wa Butembo, na kwetu mtu akikusingizia unamjibu hapo hapo, humngoji mpaka misa ya Jumapili.

Niliolewa Nyabiondo, kwenye familia ya wakulima wa maharagwe walioshika ule mlima tangu mababu zao. Nilipimwa nikiwa na mimba, nikakutwa na virusi vya ukimwi. Mume wangu alipimwa akakutwa mzima. Nilifunga mizigo yangu kabla hajafungua mdomo, maana nilijua kinachofuata. Akaifungua, akasema, "Tutaishi." Ni hilo tu, na mimi nambariki kwa neno hilo moja mpaka leo.

Mama yake hakunifukuza, nisimsingizie. Alinipa shamba, alinipa mbegu, alinifundisha kupanda kufuata mvua za huku. Lakini kikombe changu alikiweka peke yake, na nikipita alimvuta mjukuu yeyote aliye karibu nami. Boma zima lilijua nina nini. Nataka msomaji ashike hilo: kwetu hakukuwa na siri. Kama ningeficha, pengine mwanangu angekuwa mzima.

Mtoto alizaliwa wa kiume, mweusi, mkali, mwenye kelele kama mimi. Kituo cha afya walimpa sirop, dawa ya maji, ya kumkinga. Baadaye walimchoma kisigino, wakadondosha damu kwenye karatasi, wakaikausha na kuituma Goma. Jibu likarudi: hana kitu. Mkuu wa kituo, ambaye sisi tunamwita titulaire, alinipigia makofi mbele ya akina mama wote.

"Mama, umefanya muzuri," alisema kwa Kiswahili cha huku, ambacho "ndiyo" huwa "njo". "Endelea kunyonyesha, endelea kunywa dawa. Dawa yako njo inafunga virusi mudomo."

Nilirudi nyumbani naimba. Nilimwambia mama mkwe maneno yote kama nilivyoambiwa. Alinisikiliza, akatema mate pembeni, akaendelea kupepeta maharagwe.

Kisha vita vikatufikia tena. Tulishuka mpaka Muheto, kwa ndugu wa mume wangu, tukapewa nyumba moja ya mbao na udongo, sote humo. Na huko ndiko wifi yangu alikotukuta. Yeye ni mdogo wa mume wangu, binti wa mwisho wa mama mkwe. Alikuwa ameolewa Walikale, mumewe anachimba madini kule porini, na alikuja kwa miguu na kwa pikipiki, amekonda, amejifunga kitenge kifuani kwa nguvu. Alikuwa amemzika mtoto wake wa miezi michache. Homa, walisema. Kule porini kila kitu ni homa. Maziwa yalikuwa bado yanamtoka, yanalowesha nguo, na kila mwanangu alipolia yeye aligeuza uso ukutani.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nilimhurumia yule msichana kabla sijampenda, na kumpenda hakukuchelewa. Alikuwa na utani, hata katika msiba wake. Aliniita "Mama Duka" kwa sababu sikuweza kununua hata nyanya bila kubishana bei.

Huku milimani kuna desturi ambayo mimi sina ubaya nayo. Mtoto akilia na mama yake yuko shambani, mwenye maziwa aliye karibu anamchukua na kumnyonyesha. Ni wema wa kawaida, kama kumpa jirani moto. Mwanamke anayekataa, watu wanamwangalia vibaya. Basi mama mkwe akatazama nyumba ile: huku kuna mtoto anayenyonya kwa mama mgonjwa, huku kuna maziwa ya binti yake yanamwagika bure. Akaona Mungu amejibu.

"Wewe kunywa dawa yako, hakuna mwenye anakukataza," aliniambia asubuhi moja mbele ya mume wangu. "Lakini mutoto wa mwana wangu hatanyonya ugonjwa, na kuko maziwa ya muntu muzima hapa nyumbani."

"Mama, titulaire alisema maziwa yangu haina shida."

"Titulaire njo alikuzaa?"

Nilimgeukia mume wangu. Alikuwa anafunga kamba ya kiatu, na kiatu hicho kilikuwa kimeshafungwa. Lo, siku hiyo ningemrushia jiwe! Lakini mkubwa ni mkubwa, na tulikuwa wakimbizi kwenye nyumba ya watu. Walipotulia wale wenye bunduki, wanawake tulianza kupanda Nyabiondo mchana kuvuna yaliyobaki shambani, na mtoto akabaki Muheto kwa wifi. Nilirudi jioni matiti yamekuwa mawe, na mwanangu ameshiba, amelala kifuani kwa mwingine.

Nilikasirika, tena sana. Lakini niseme kweli: nilikasirika kwa kutukanwa. Hatari sikuiona. Mimi pia, na titulaire wangu na vidonge vyangu, nilidhani maziwa ya wifi ni safi. Alikuwa kijana, ana nguvu ya kubeba kuni kuliko mimi, hajawahi kulala na homa. Nani angesema? Tena mtoto alinenepa. Na wifi alianza kucheka. Nilimsikia mchana mmoja nyuma ya nyumba akimwambia mwanangu, "Wewe njo ulinifungua kifua," na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetua mzigo. Nikachukua jembe langu, nikaenda zangu.

Maziwa yangu yalikauka. Mtoto akawa wa wifi kwa chakula, wangu kwa jina.

Ilipoanza mvua kubwa, mtoto alianza kukohoa. Kisha kuharisha, kisha utando mweupe mdomoni. Zile nyama za mapaja zikaondoka kama hazikuwahi kuwepo. Nilimfunga mgongoni nikaenda naye kituoni. Wakachoma tena, wakatuma tena, tukangoja tena. Na jibu likaja kwamba sasa anavyo.

Titulaire yule yule aliyenipigia makofi alipiga meza.

"Uliruka dawa!"

"Sikuruka."

"Mama, virusi haitoki hewani. Uliruka."

Nilimwonyesha chupa zangu za dawa. Nilimwapia kwa Bikira Maria. Habari ya ziwa la wifi haikunijia hata kichwani, nilivyodhani ni safi. Alinitazama kwa ile huruma ambayo ni mbaya kuliko tusi, akaandika dawa za mtoto, akaita anayefuata.

Nyumbani mama mkwe hakupiga kelele. Alikaa chini na kulia, halafu akasema kwa utaratibu, "Miezi ile ya mwanzo, kabla binti yangu hajafika, njo ulimumaliza." Na kuanzia siku hiyo nikawa mwanamke aliyempa mwanawe sumu. Kisimani wanawake walinipisha nichote peke yangu. Mume wangu hakusema "uliruka." Hakusema "hukuruka" pia. Ni wifi peke yake aliyeniambia, "Mama Duka, mimi nakuamini. Nilikuona unakunywa." Nililia kwenye kanga yake mpaka ikalowa.

Dawa za mtoto zikawa kama hazimpati. Alikuwa anapanda kidogo, anashuka sana. Kila asubuhi niliweka mkono kwenye mbavu zake kabla sijafungua macho, nihakikishe zinakwenda. Nilitaka kitu kimoja tu duniani, aishi. Jina langu lingeweza kuoza.

Wakati huo akaja daktari mwanamke kutoka Goma, na wenzake wawili na masanduku ya barafu. Walikuwa wanatafuta akina mama wenye virusi pamoja na watoto wao walioambukizwa, wachukue damu ya wote wawili, waangalie virusi vyenyewe vimeumbwaje. Wengi walikataa. Walisema damu inaenda kuuzwa. Mimi nilinyoosha mkono kabla hajamaliza kueleza. Niliambiwa itachukua muda, maana inakwenda mbali. Ikachukua kweli. Katikati ya muda huo mume wa wifi alishuka kutoka Walikale, akakaa nasi msimu mmoja, akarudi migodini, akamwacha wifi na mimba.

Daktari aliporudi aliniita ndani peke yangu, akafunga mlango.

"Mama, nani alikuambia uliruka dawa?"

"Kila muntu."

"Basi wote walikosea. Kwenye damu yako virusi vimelala. Ilibidi tuvitafute ndani kabisa ya chembe za damu ndio tukapata vya kuangalia." Akavuta kiti karibu. "Sikiliza. Virusi vinazaana kwa kujinakili, na kila vikijinakili vinakosea kidogo. Makosa hayo yanabaki, watoto wao wanayarithi. Kwa hiyo virusi vya mama na virusi alivyompa mtoto wake vinafanana makosa. Vyako na vya mwanao havifanani. Si ukoo mmoja hata kidogo. Tena vya mwanao vina alama moja inayofanya dawa tuliyompa isivifanye kitu. Vyako havina."

Nilimwambia mimi ni mkulima, aniambie kikulima.

"Ukipanda maharagwe mekundu," alisema, "unavuna ya madoa?"

"Hapana."

"Na ukivuna ya madoa, utasema nini?"

"Nitasema kuko muntu mwingine alipanda kwa shamba langu."

Nilisema hivyo nikacheka. Haki ya Mungu, nilicheka kwa sauti, nikapiga magoti, nikamshukuru Mungu kwa Kihunde na kwa Kinande na kwa Kifaransa kibovu. Sikuruka! Sikumpa! Nilitaka kukimbia mpaka kisimani niwakusanye wote. Daktari aliningoja nimalize. Kisha akauliza pole pole, "Mama, nani mwingine alimunyonyesha?"

Nikainuka kutoka magotini, nikamtaja wifi na tumbo lake.

"Umulete," alisema. "Kama ana mimba, umulete haraka. Tukimpa dawa sasa, huyo wa tumboni tunaweza kumwokoa. Hiyo habari nyingine ya mwanao ni yako, mimi siwezi kumwambia."

Mwanangu akabadilishiwa dawa siku hiyo hiyo. Njiani kurudi nilijipanga maneno. Nilikuwa nimeyangoja miezi na miezi! Nitaingia, nitasimama katikati ya nyumba, nitamwambia yule mama mkwe: ile safi yako ndiyo chafu, na ile chafu yako ndiyo ilikuwa safi. Niliyasema kwa sauti barabarani, mwendesha pikipiki mmoja akanigeukia. Nikafika. Wifi alikuwa amekaa kwenye mkeka, tumbo mbele, anapuliza uji wa mwanangu upoe, na kijiko kimoja alikuwa amenitunzia nionje. Aliponiona na mtoto mgongoni akanyoosha mikono. "Leta mume wangu huyo," alisema, na mwanangu akacheka, yeye ambaye siku hizo hakuwa anacheka kwa mtu.

Sikuweza. Kumwambia mtu kwamba lile jema lililomtoa msibani ndilo lililomwangusha mtoto wangu, mdomo ulikataa. Nilisema tu, "Wifi, kesho tuende kupima mimba. Mimi nitakusindikiza."

Akapimwa, akakutwa navyo. Alilia siku nzima, na mimi nilikaa naye, nikamfundisha kumeza, nikamfundisha kujibu watu. Alidhani ni mume wake aliyemletea, na pengine ndivyo. Lakini mama mkwe alikuwa na hesabu yake.

"Ni mutoto wako!" alinipigia kelele, kidole usoni. "Binti yangu alimupa ziwa kwa roho muzuri, mutoto wako akamupa sida, huo ukimwi wenu! Asante ya punda ni mateke! Ulimaliza mutoto, sasa unamaliza na binti yangu!"

Jamani. Ninyi mnaonijua, mwaweza kuamini nilinyamaza? Jibu nilikuwa nalo mdomoni. Kama ni mwanangu aliyempa wifi, virusi vya mtoto vingefanana na vyangu, na havikufanana. Maneno hayo tu yangemfunga mdomo. Wifi alikuwa amesimama pale, mkono tumboni, ananitazama kwa huruma, ananionea huruma mimi! Nikamwambia mama mkwe, "Pole, Mama." Nikatoka nje nikapiga teke ndoo ya maji ya watu.

Nilifikiri nitakufa nalo. Maji yakimwagika hayazoleki, nilijiambia; mtoto wangu anapata dawa mpya, wifi anapata yake, huyo wa tumboni atazaliwa salama. Kusema kutamsaidia nani? Kutanisaidia mimi tu. Na kweli nilijivuna kidogo kwa kunyamaza kwangu, maana si kazi yangu ya kawaida.

Wifi alijifungua msichana. Alizaliwa kituoni, akapewa sirop, tukarudi naye nyumbani asubuhi, tumembeba kwa zamu. Nyumba ilijaa. Mume wangu alikuwepo, shangazi zake, majirani na sahani za ugali wa fufu na sombe, yale majani ya muhogo. Na pembeni ya mama mkwe alikuwa amekaa mwanamke mmoja wa jirani, mnene, mwenye mtoto wake wa miezi mitano, amevaa blauzi ya kufunguka mbele.

Mama mkwe akamchukua mjukuu mikononi mwa wifi. Alimchukua kwa upole sana.

"Huyu mama iko muzima," alisema. "Alikubali kutusaidia. Mara hii hatungoji mutoto agonjwe ndipo tumutoe kwa ziwa la ugonjwa."

Na wifi, mjinga wangu mpendwa, aliitikia kwa kichwa. Machozi yanamtoka, anaitikia. "Aksanti, dada," alimwambia yule jirani. Yule jirani akaanza kufungua vifungo.

"Wewe umepimwa?" nilimuuliza.

"Mimi?" alisema. "Mimi sigonjwake hata siku moja."

"Mupe mama yake huyo mutoto," nilimwambia mama mkwe.

"Wewe kaa chini. Wako ulimumaliza."

"Sikumumaliza mimi!" Sauti ilinitoka nikasikia mwenyewe sahani zinatulia. "Daktari wa Goma aliangalia virusi vya mutoto wangu na vyangu. Si ukoo moja! Mutoto wangu hakupata kwangu. Alikuwa muzima miezi yote alinyonya kwangu mimi mugonjwa mwenye dawa. Alipata kwa ziwa la muntu ulisema iko muzima. Ulimutoa kwa ziwa lenye limefungwa mudomo ukamupeleka kwa lenye halijapimwa, na leo unataka kufanya vile vile!"

Jirani alifunga vifungo vyake, akambeba mwanawe, akatoka bila kuaga. Mama mkwe alibaki na mjukuu mikononi. Niliona akielewa, kidogo kidogo, kuanzia mdomoni. Nilikuwa nimengoja kuuona uso huo, na nilipouona haukunipa chochote. Ulikuwa uso wa mama mzee aliyependa mjukuu wake.

Sikutaka kumgeukia wifi. Nikageuka.

"Njo mimi?" wifi aliuliza.

"Hukujua. Hakuna mwenye alijua."

"Nakuuliza, njo mimi?"

"Njo wewe," nilisema.

Alikaa akitazama mikono yake. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, kama mtu anayeuliza njia, "Na ule wangu mwenye nilizika Walikale?"

Yule hakuna aliyemchoma kisigino. Nilisema, "Sijui, wifi," na ni kweli sijui, lakini wote mle ndani tulijua. Mama mkwe akapiga magoti, akamwekea mtoto mapajani. Wifi alimtazama yule kichanga muda mrefu, kama anayeogopa kumshika. Mimi ndiye niliyemfungulia kitenge. Nikamwambia, "Umekunywa dawa yako, nilikuona. Munyonyeshe." Akamnyonyesha mpaka mtoto akashiba.

Msichana yule sasa ameachishwa. Alipimwa mara ya mwisho, hana kitu, na titulaire amepiga makofi yake. Mwanangu naye anaishi. Dawa ya pili imemkubali, ana mashavu, anafukuza kuku wa watu wa Muheto mpaka naitwa niombe radhi. Kisimani wananisalimu. Mama mkwe hunisalimu kwa mikono miwili na hutafuta kitu cha kunipa, yai, kipande cha sabuni, na mimi napokea kwa sababu kukataa kungemuua.

Lakini wifi hajambeba mwanangu tangu siku ile. Mtoto hajui neno. Anamwona tu shangazi yake anaingia uwanjani, anamkimbilia mikono juu, anataka abebwe. Wifi anaficha mikono yake nyuma ya mgongo, anaangalia juu ya kichwa cha mtoto mpaka anione, ananiita: "Mama yake, kuja ukamate mutoto yako."